Injini Niliyoiposa Kinyangiri

Mke wangu Mama Salome,

Nina miaka sabini na sita. Nimeishi kuliko mkoloni, kuliko duka la kijiji, kuliko ushirika na mizani yake iliyotupunja. Meno yangu karibu yote nimeyazika. Na wewe nimekuzika, jambo ambalo sikulipanga hata siku moja, maana nilijua mimi ndiye nitatangulia na wewe utabaki unanisema. Shule yangu unaijua, ni ile ya katekista tu, lakini barua hii naiandika kwa mkono wangu. Nikimpa mtu aniandikie atasema mzee amechanganyikiwa. Tangu nirudi kutoka Kinyangiri nimeduwaa, Mama Salome. Naanza kula, nasahau kijiko kiko mkononi.

Siku ya kukuzika nilisimama mbele ya watu wote wa Mungaa nikasema, "Kaburi la mke wangu litajengwa kwa saruji iliyobebwa na gari lake mwenyewe." Watu wakatazamana. Gari lenyewe lilikuwa nyuma ya zizi, kutu imekula sakafu, maboga yameota kwenye bodi, na bloku ya injini imepasuka. Mdogo wako Yakobo akaninong'oneza, "Shemeji, sema tu tutakodi." Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nikishasema nimesema.

Wangejua wasingetazamana. Salome ulimzaa ndani ya pikapu ile, kwenye kile kilima kabla ya kufika hospitali. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, sijui nifanye nini, na wewe ukaniambia, "Wewe tazama barabara, huku hakukuhusu." Nikatazama barabara, na gari limesimama! Baadaye kila tulipopita pale ulipiga dashibodi kwa kiganja ukasema, "Mkunga wangu huyu." Sasa mkunga wako aoze nyuma ya zizi, halafu saruji yako iletwe na lori la mtu nisiyemjua? Haiwezekani.

Basi nikaanza kutafuta. Udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kutitia upande wa kichwani, na mvua za kwanza hazikuwa mbali. Nikaenda Singida Mjini. Siku hizi za ruksa, kila mtu anauza atakacho, maduka yamejaa mpaka barabarani, vyuma vinang'aa kama vijiko vya harusi. Nikamwambia kijana wa dukani nataka bloku ya pikapu ya Kifaransa. Akacheka.

"Mzee wangu, hiyo gari tumeisikia kwa babu zetu. Sasa hivi ni Mjapani tu. Ruksa!"

"Na wewe nani amekupa ruksa ya kunicheka?"

Nikatoka. Nikaenda kwenye yadi ya ule ushirika uliokufa, zilikolala zile pikapu zake zilizokuwa zinatimua vumbi na kutukoga. Nilishika kichwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamezikata vipande kama nyama ya mnadani. Njiani nikaona ekseli ya gari kama letu iko chini ya mkokoteni, inavutwa na maksai. Mlango nikaupata Ikungi, umefungwa kwenye banda la kuku. Nikaununua, wenye kuku wakaziba kwa miiba. Sasa gari lilikuwa na mlango lakini halina moyo.

Dereva wa lori la alizeti ndiye aliyeniambia. Kinyangiri kuna mjane, anaitwa Mama Martha, ana gari pacha wa langu. Nikaenda peke yangu na pesa mfukoni, nimenyoa ndevu. Nikamkuta anachambua mbegu uani. Nikamsalimu, nikamwambia nimekuja kununua injini.

Akanitazama kuanzia viatu. "Hapa hauzwi mtu."

"Mama, ni chuma tu."

"Chuma kilichomlisha mume wangu na watoto wangu? Ninyi Wanyaturu ndivyo mnavyochukua mabinti za watu, mnakuja na pesa kama mnanunua chumvi? Ukitaka kitu kitoke kwenye boma langu, tuma washenga."

Nilidhani ni utani. Akaingia ndani akafunga mlango. Mama Salome, mimi niliyeuza ng'ombe minada yote ya mkoa huu na hakuna aliyeniweza kwa maneno, nilibaki nimesimama na mbegu za alizeti miguuni.

Nikarudi kumwangukia Yakobo. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Kwa ajili ya dada, nitakwenda." Akavaa koti lake la kanisani. Tukachukua mbuzi, sukari na blanketi la mama mkwe. Mimi nikabaki nje ya boma kama bwana harusi anavyotakiwa, na fundi wetu Hamisi pembeni yangu, nasikiliza.

"Tulikuwa tunapita," Yakobo anasema, "tukaona ua kwenye boma lenu."

"Ua gani? Nina mengi."

"Lile lililolala kwenye kile kibanda. Lina kutu kidogo."

Nikasikia wanawake wa pale wanacheka. Blanketi likapokelewa. Ndipo Hamisi akaitwa kibandani. Baada ya muda akatoka, uso umembadilika. "Mzee, injini hii iko hai! Inazunguka." Kumbe marehemu Baba Martha alimwachia mkewe oili na hendeli, akamwambia asiiache igande. Na yeye kila Jumapili akitoka kanisani anaizungusha kwa mikono yake. Miaka yote hiyo. Siku ile Hamisi alirudi Mungaa juu ya lori la alizeti, ameikumbatia injini.

Lakini mjane aliweka sharti. "Binti akiolewa anarudi kwao aonekane. Ikishafungwa, kabla haijabeba kitu chochote cha kwako, iletwe niione." Nikakubali haraka haraka, maana niliona ni maneno ya uzee.

Hamisi akafunga. Siku gari lilipowaka, mawingu yalikuwa yameshasimama upande wa mashariki, meusi. Yakobo akaja mbio. "Shemeji, twende mjini tukachukue saruji leo hii. Huko Kinyangiri tutakwenda baadaye."

"Nimetoa neno."

"Dada yangu alale kwenye matope kwa sababu ya bibi wa Kinyangiri? Ukaidi wako huu ndio uliomzeesha!"

Maneno yake yaliniingia. Lakini ningeijenga nyumba yako ya mwisho kwa neno lililovunjwa? Nikamwambia, "Panda au baki." Akapanda nyuma, amenuna.

Sasa sikia, mke wangu. Tulipokaribia Kinyangiri niliteremsha gia, injini ikakohoa mara moja halafu ikanguruma. Kabla sijaliona boma, nikaona mwanamke anakuja barabarani, anakimbia na kanga imeanguka begani, anafoka: "Baba Martha! Leo umechelewa wapi wewe? Chakula kimepoa!"

Nikazima gari. Akaniona mimi kwenye usukani. Alisimama akinitazama, mkono mdomoni. Kisha akaja taratibu, akaweka kiganja juu ya boneti penye joto, akakiacha hapo. Mimi nililia, Mama Salome, mbele ya shemeji yangu, mchana kweupe.

Alipokiondoa kiganja alifungua mlango ule wa banda la kuku, akaketi. Kwenye kiti chako. "Twende," akasema, "nikaone ilikoolewa."

Tulipitia mjini tukapakia saruji. Tumefika Mungaa upepo wa mvua unavuma. Watu wa mtaa wote wakatoka, wengine na makarai, wengine na ndoo, tukajenga kwa mbio, na tone la kwanza lilipoanguka Hamisi alikuwa anavuta turubai. Mama Martha aliinama kichwani pako, akakwambia, nilimsikia kwa masikio yangu: "Mwenzangu, usinikasirikie, kiti ni chako. Ila huyu mzee wako anaendesha vibaya. Gia hazipigwi hivyo."

Mimi! Dereva wa miaka yote hii!

Ningetoa gari lote, na injini yake, nikusikie wewe mara moja unanigombeza kwamba nimechelewa. Sikujua kwamba ukelele wako ule ulikuwa ndio kunikaribisha. Mvua imenyesha usiku wote na asubuhi nimekuja kutazama. Kaburi halijatitia. Pumzika sasa, mke wangu, juu yako kumekauka.

Atakayebisha haya amwulize mdogo wako Yakobo, ambaye hapendi kunisifu. Amwulize Hamisi fundi. Na Mama Martha yuko Kinyangiri, lakini kwake huyo mtu aende na adabu, asianze kwa kutaja bei.

Mumeo,
Baba Salome