Kanga ya Kufunikia Kabichi

Wanu mwanangu,

Nnakwenda Makunduchi, miguu imeanza kuniwasha tena, haitaki kutulia nyumbani. Ntarudi kesho. Chai imo kwenye chupa. Ikifika magharibi zifunike kabichi zangu za uani kwa ile kanga kuukuu ya marehemu mama yako. Usiifanye dekio.

Leo asubuhi ulinicheka, ukasema, "Baba, Unguja hii barafu iko kwenye friji tu." Iliniuma. Wewe umezaliwa tushahama Njombe. Kule, miezi kama hii, umande ulikuwa ukiganda juu ya majani, mboga zikaungua kama zilizopitiwa na moto. Mama yako alikuwa akivua kanga aliyojitanda, akazifunika, akarudi jikoni anatetemeka huku anacheka. Alfajiri akiikung'uta, barafu ikimwagika chini kama chumvi. Sasa kipupwe hiki ndicho cha kwanza hayupo, na kibaridi kikinigusa tu, mkono unaitafuta ile kanga.

~~Ukiona kazi, basi acha.~~ Hapana, funika.

Na asubuhi uikung'ute kabla hujaikunja. Hakitaanguka kitu, nnajua.

Baba yako