Lori la Baba Limewaka Peke Yake

Likasi, Jumanne. Mvua tangu asubuhi, ile nyembamba isiyo na haraka, na matope mekundu mpaka ndani ya soksi.

Mnisamehe makosa ya kuandika. Kiganja cha kulia kimechubuka. Mama amejifungia chumbani kwake. Mimi nimekaa jikoni na simu, naandika hapa kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia. Nyie wachache mnaopita huku huwa mnakuja kutazama picha za vyuma. Leo hakuna picha.

Kwa aliye mgeni: naitwa Zaina, ni fundi wa motere, yaani injini, katika garaji ya Papa Mukalay. Tunachukua malori ya kale ya jeshi, yale ya magurudumu sita na pua ndefu yaliyosahauliwa vichakani, tunatoa motere zake za esansi, yaani petroli, na kuweka za mazuti, ambayo wengine mnaita dizeli. Chuma cha malori yale hakiishi leo wala kesho. Motere zake ndizo tatizo, zinakunywa esansi mpaka mwenye lori analia. Ukiweka ya mazuti, lori linarudi kazini, linabeba mawe na makaa hata kule ambako magari mapya yanazama.

Lori lililo mikononi mwangu sasa ni la baba.

Nimelizungukia hilo jambo wiki zote hizi, nikaandika habari za kukata chuma na kuchomelea, kama vile ni lori la mteja. Siyo la mteja. Baba alikuwa akibeba nalo mawe ya chokaa kutoka Kakontwe. Nilikuwa bado secondaire, mwaka wa mwisho, siku alipoondoka asubuhi na hakurudi. Lori lilikutwa limesimama karibu na shimo la zamani la machimbo, lile lililojaa maji, pua yake imeegemea kichuguu cha udongo pale ukingoni. Mzigo wa mawe ulikuwa juu yake wote. Milango ilikuwa imefungwa. Baba hakuwemo.

Walimtafuta. Walifuata barabara, wakauliza vijijini, wengine walitupa kamba na ndoano kwenye maji kidogo. Halafu mtu mmoja wa mtaa wetu akasema amemwona Kasumbalesa, mpakani, na mwanamke, wanavuka kwenda Zambia. Basi ikaisha hapo. Kamba zikakunjwa. Sisi tukawa familia iliyoachwa, na watu wa mtaa wakawa wanapunguza sauti mama akipita sokoni.

Mimi nilimchukia baba. Naandika hivi hivi bila kupamba. Nilimchukia kila mwezi wa Ramadhani, na nilimchukia siku ya harusi ya dada yangu alipoketi mjomba kwenye kiti chake. Mama hakumchukia hata siku moja. Hakukaa eda, maana eda ni ya mjane na yeye hakuwa mjane. Alifunika lori kwa hema pale uani kwetu, akasema mwenyewe akirudi atalikuta.

Mwaka huu magoti yake yamekataa biashara ya sokoni, na ndugu za baba walianza kuja kutazama lori kwa macho ya kununua. Mama akaniambia nilipeleke garaji, niliweke motere ya mazuti, nibebe chokaa mwenyewe. Ila kabini nisiiguse. Kiti kibaki, tasbihi kwenye kioo ibaki, na ndoano tupu iliyo kando ya mlango ibaki tupu.

Papa Mukalay alikubali, lakini wenzangu wawili wa garaji hawakulipenda. Waliacha tu kupita mbele yake. Mmoja alikuwa akija na mti wa kuchomelea mkononi na kuzunguka nyuma yote, hata kwenye matope, ili asipite mbele ya taa. Na mama alikuwa anakuja asubuhi, anapanda upande wa abiria, anakaa kimya, kisha anashuka na kufunga mlango taratibu kama kuna anayelala. Mimi nilijidai naandaa spana.

Motere tuliitoa kwenye lori la Kijapani lililopinduka. Kuiunganisha na buati ya vitesi, yaani giaboksi, ya jeshi kulitaka sahani nene ya chuma, iliyochongwa tundu kwa tundu, na nimeirudia mpaka ikakubali. Leo asubuhi tuliiwasha kwa mara ya kwanza, kwa kugusanisha waya kwenye betri. Ilikuwa ajabu kusikia mngurumo ule ukitoka kwenye pua ile. Ni kama shangazi yako afungue mdomo, itoke sauti ya mwanaume usiyemjua. Mama hakuwepo, na nilishukuru.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo lilipo kosa. Motere ya esansi bila umeme ni jiwe. Ukichomoa ufunguo, imekufa. Ya mazuti, hasa hizi za pompe ya zamani ya kusukuma mafuta, umeme ni wa kuiamshia tu. Ikipata mafuta, na kitu cha kuizungusha, hata magurudumu yenyewe lori likiteremka, haiulizi ufunguo uko wapi. Waya wa kuizimia nilikuwa sijaufunga bado, kwa hiyo nilishika kimkono kidogo kwenye pompe mpaka ikanyamaza, nikakiachia. Kimkono kikarudi chenyewe mahali pa kuwaka. Tukatoa betri kuipeleka ndani kuchajiwa.

Kisha nikaacha lori kwenye vitesi ya pili, nikaweka nusu tofali mbele ya magurudumu, nikaenda kula.

Sheria ya garaji kwa mazuti ambayo haijafungwa waya ni kutoa vitesi na kuweka vizuizi vya kweli. Najua. Nimewafokea wengine kwa hilo. Lakini kwenye lori hili mkono wangu ulifanya alichokuwa akifanya baba, ambaye breki yake ya mkono haikuwahi kushika: acha kwenye vitesi, zuia gurudumu, shuka. Wala sikufikiri.

Tulikuwa chini ya paa tunakula bukari na sombe, ugali kwa kisamvu. Mvua ilikuwa imeongezeka, maji yakipita uani kuelekea ukutani, kwenye mteremko. Nilisikia kokoto zikisagika. Halafu pigo moja zito, la pili, halafu motere ikawaka.

Tulikuwa wote pale, wanne, tunahesabiana kwa macho. Betri ilikuwa nyuma yetu juu ya meza. Ufunguo wa lori lile haupo duniani, ulipotea na baba. Na lori likaja, polepole, mwendo wa mtu anayekwenda msikitini mapema, moshi ukilala chini kwa sababu ya mvua. Mmoja wa wenzangu alianza kuomba kwa jina la Yesu huku anakimbia. Mwingine alikimbia bila kuomba.

Mimi nilikimbia kulielekea.

Niliokota jiwe, nikapita mbele ya pua, nikaliweka chini ya gurudumu. Gurudumu likalizamisha kwenye matope na kupita. Nikaokota jingine, nikainama, na pale chuma cha mbele kikanigusa bega. Hakikunipiga. Kilinigusa tu, kikaendelea. Nikaweka viganja juu yake nikasukuma, kama mwendawazimu, na miguu ikateleza kinyumenyume na lori likinifuata. Niliinua macho. Nyuma ya kioo usukani ulikuwa unazunguka, kushoto kidogo, kulia kidogo, unarekebishwa. Ni mashimo ya uani yaliyokuwa yanageuza magurudumu, sasa naweza kusema hivyo. Pale sikuwa na akili hiyo. Tasbihi ilikuwa inacheza, na kiti kilikuwa kitupu, na nilijua kwa mwili mzima kwamba ninatazamwa.

Mgongo ukafika ukutani.

Papa Mukalay ndiye aliyeniokoa, na sahani ya bukari. Alikuja nayo mkononi, akamwaga chakula, akaibana ile sahani ya bati kwenye mdomo wa motere unaovuta hewa. Motere ikakohoa, ikatikisa lori lote, ikakosa pumzi, ikafa. Kati ya kifua changu na chuma sikuona hata nafasi ya kupitisha mkono. Nilisikia mvua tena.

Alinitoa kwa ubavuni, akanikalisha juu ya gurudumu la akiba. Alikuwa na hasira mpaka midomo imekauka. Papa Mukalay hapendi kelele, husema kwa chini.

"Zaina, weye ni fundi. Nani alikufundisha kukimbia mbele ya camion?"

"Ni baba."

Nikasikia nilichosema.

Kwa sababu ni kweli. Alinifundisha yeye, tukiwa naye barabarani wakati wa likizo. Lori lililopakia likianza kukutoroka, hupandi kabini, hutaliwahi. Unakimbia mbele na kuweka kala. Kala ni kipande cha mti kilichochongwa pembe, cha kuzuia gurudumu. Kila lori la hapa linayo, na kila lori lina konvoyeri, yaani utingo, wa kuruka nayo chini. Siku ile konvoyeri wa baba alikuwa mgonjwa. Alikwenda peke yake. Na lori lake lilikuwa la esansi lenye kiu, radiateri ikichemka kila mara, na mahali pake pa kuchota maji palikuwa palepale, shimoni, kwenye mteremko.

Kala yake ilikuwa inakaa kwenye ile ndoano kando ya mlango. Lori lilipokutwa, ndoano ilikuwa tupu. Tuliiona wote. Polisi waliiona, ndugu waliiona, mimi niliiona, na kila mtu alikuwa akitazama barabara ya kwenda Zambia.

Mwanaume anayekwenda kwa mwanamke mwingine habebi kala.

Alishuka, akafunga mlango, akachukua kala yake, na lori likaanza kumjia. Alikwenda mbele, kama mimi. Nyuma yangu mimi kulikuwa na ukuta. Nyuma yake hakukuwa na ukuta. Lori lilikwamia kwenye kile kichuguu na likasimama vizuri kabisa, mtu akilipita angedhani limeegeshwa. Sisi wote tulikwenda kutafuta nyayo nyuma yake, hatukutazama mbele ya pua.

Ushahidi sina. Nina ndoano tupu na bega linalouma. Lakini nilipomwambia Papa Mukalay, aliipangusa ile sahani kwa kitambaa, kisha akasema yeye pia alikuwa miongoni mwa waliotupa kamba, na walitupa upande wa njia tu, upande ulio rahisi kufika.

Sasa nakuja kwenye kinachonitoa usingizini kabla hata sijalala. Nilifurahi. Haki ya Mungu, nilifurahi. Nilitoka garaji bila kunawa, nikapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama, na njia nzima nilikuwa nalia na kucheka ndani ya mvua, dereva akanigeukia kutazama kama niko mzima. Hakutuacha. Hakukuwa na mwanamke. Hasira yangu yote ya miaka haikuwa na mtu. Nilitaka kusimama katikati ya soko na kulisema kwa majina ya waliokuwa wanapunguza sauti. Nilikuwa nakimbia nyumbani kumpelekea mama habari njema.

Mama alikuwa anachambua maharage. Nilipiga magoti mbele yake na matope yangu, nikamweleza yote, lori, jiwe, ndoano, shimo. Nilimaliza kwa kumwambia, mama, baba hakukuacha. Nilisema nikitabasamu.

Hakulia. Aliendelea kutenga maharage mabovu na mazima, kidole kimoja kimoja, mpaka nikafikiri hakunisikia.

"Minye nilikuwa naomba Mungu ikuwe kweli aliniacha," alisema. "Muntu akikuacha, iko pahali anakula. Iko fasi analala."

Sikuwahi kujua. Nilidhani anamngoja kwa ukaidi, au kwa mapenzi, au kwa aibu ya mtaa. Kumbe yule mwanamke wa Kasumbalesa, ambaye huenda hakuzaliwa, mama ndiye aliyekuwa akimtunza hai. Alimhitaji. Mtu wa kumpikia mume wake huko aliko, wa kumfunika baridi ikija mwezi wa saba. Na mimi nimekuja na matope yangu nimewaua wote wawili kwa pamoja, mchana kweupe, nikitabasamu.

Nilijaribu kusema kwamba huenda nimekosea. Alijua kabla yangu, nadhani, siku zile alizokuwa anakaa kabini kimya. Alisukuma sinia la maharage pembeni, akajishika ukutani kusimama, magoti yake yakalia. Alifungua sanduku akatoa kitambaa cheupe cha eda ambacho sikuwahi kukiona, kimekunjwa mpaka mikunjo imekuwa ya manjano. Alikuwa nacho siku zote.

Mlangoni mwa chumba aligeuka. Nilifikiri ataniambia niite ndugu, au sheikh. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza maji ya kuoga.

"Zaina. Ile maji ya kule, iko baridi?"

Akangoja kidogo, kisha akafunga mlango.

Papa Mukalay atanipitia asubuhi na kamba ndefu na watu wake. Mengine yote watafanya wao. Mimi nitashuka mpaka ukingoni kwanza, kabla hawajayachafua, niyaguse maji kwa mkono.