Sanduku la Mayige Lililonyamaza

Mwamapalala
3 Juni 2024

Mkwe wangu Method,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwangaluka, mwanangu. Ile homa imekuachia? Binti yangu Milembe naye anaendeleaje na hali yake? Sisi huku tunamshukuru Mungu, pamba imeshatoka shambani. Goti langu tu ndilo linakataa, kwa hiyo rozari naisali nimekaa. Mungu anaelewa.

Utashangaa mama mkwe kukuandikia badala ya kupiga simu. Nilijaribu kuishika hiyo simu nikaona haya. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, sasa sauti yako iniingie sikioni kabisa? Barua hii nampa konda wa basi la Mwanza, atakushushia hapo Nyashimo kwenye kibanda chako cha redio.

Shida yangu ni amplifaya ya gitaa ya marehemu baba mkwe wako, lile sanduku zito lenye taa za kioo mgongoni. Halitoi sauti. Mwaka jana lilitangulia kunyamaza, na kabla mvua hazijaisha Mayige naye akalifuata.

Misa ya kumbukumbu ni Jumamosi, tarehe sita Julai, na siku hiyo ukoo utagawa vitu vyake. Masele, mdogo wake marehemu, alikuja jana akaligonga kwa fimbo.

"Shemeji, hili jeneza unamlindia nani?"

"Ni sauti ya kaka yako hii."

"Sauti iko wapi? Likisema siku ya misa, baki nalo. Likiwa bubu nalipasua. Mbao za banda la kuku, sumaku yangu."

Wazee wakakubali huku wanacheka. Mimi sikucheka.

Nikuambie jambo ambalo hata padri sijamwambia. Namwota. Chumba kimejaa pamba mpaka kiunoni, Mayige kakaa juu ya sanduku anapiga gitaa. Pamba inatikisika, naiona inatikisika, ila sauti haipo. Namwuliza, "Huo ni wimbo gani?" Naye ananitazama kwa upole, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Naamka midomo imekauka.

Nielekeze nifanyeje. Sitaki lipasuliwe.

Mimi mama yako,
Nyanjige


Nyashimo
9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Homa imeisha kabisa, pole na goti. Milembe hajambo, ila anakula udongo wa kichuguu, na nikimkataza anasema nikamwulize mama yake.

Mama, la kwanza na kubwa: usiingize mkono mgongoni mwa sanduku, hata kama plagi imechomolewa. Umeme hubaki umejificha mle kama nyoka ndani ya robota la pamba. Tazama kwa tochi tu.

Hakikisha waya wa spika umekaa mahali pake kabla ya kuwasha, maana sanduku hili likiwashwa bila spika linajiunguza lenyewe. Kisha washa, liache lipate moto, uweke sikio karibu na kitambaa cha spika. Je, kuna mvumo? Taa zipi zinawaka? Kioo cha kila taa kina rangi gani kwa juu? Na tafuta waya mwingine wa gitaa, mara nyingi tunahangaika kumbe kosa ni waya.

Marehemu baba ndiye aliyenipa redio yangu ya kwanza kuifungua, akaniambia nikiiharibu tutaizika sote wawili. Nitafanya ninavyoweza.

Mkweo,
Method


Mwamapalala
16 Juni 2024

Mkwe wangu Method,

Amani ya Kristo iwe kwenu. Mmeamkaje huko? Huyo Milembe mwache na udongo wake, hata mimi nilimbeba yeye kwa udongo.

Waya nimeuazima kwa Sayi, mwalimu wa kwaya ya kigango. Akanikejeli: "Mama Milembe, dansi uzeeni?" Nikamwambia, "Daudi alicheza mbele ya sanduku mbele ya watu wote. Nipe waya." Akanipa.

Nimefanya ulivyosema. Waya wa spika upo. Nimewasha. Mvumo upo, mdogo, kama nyuki walioko kwenye mti wa jirani. Nikapiga uzi wa gitaa, kimya. Nyuki wakaendelea na yao.

Taa kubwa zina wekundu kama wa jua linapozama nyuma ya vumbi la ng'ombe. Nilizitazama hadi nikasahau nilichotumwa. Ndogo ziko tatu, mbili zina cheche ndani, ya mwisho haiwaki.

Sasa habari mbaya. Karibu zote zimeungua, mwanangu. Juu ni nyeusi, nyeusi ya kung'aa, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Nimelia. Moja tu ndiyo imepona, ile ndogo ya mwisho. Juu ni nyeupe safi kama maziwa. Nadhani imepumzika tu. Nimemshukuru Mungu kwa hiyo moja, nimesoma maandishi yake: ECC83. Zile nyeusi utazipata wapi zote? Masele leo kaja na kamba kupima mbao za banda lake.

Mama yako,
Nyanjige


Nyashimo
20 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Nisamehe, nimecheka mpaka Milembe akatoka jikoni na mwiko.

Ni kinyume chake, mama. Ule weusi unaong'aa ndio uzima wa taa. Umewekwa pale makusudi, unakula hewa yoyote iliyobaki ndani ya kioo. Ukigeuka mweupe kama maziwa, hewa imeshaingia, taa imekufa. Hizo ulizozililia, nadhani ni nzima. Ile uliyomshukuru Mungu kwayo ndiyo maiti.

Ninayo moja ya namba hiyohiyo, nimeitoa kwenye gramafoni kuukuu. Siwezi kumkabidhi konda kioo. Nitaileta mwenyewe siku ya misa. Ila sikufichi, sina pa kuijaribia. Tutajua palepale, mbele ya Masele na shoka lake. Sali.

Mkweo,
Method


Mwamapalala
4 Agosti 2024

Mkwe wangu Method,

Tumsifu Yesu Kristo. Mlifika salama? Miguu ya Milembe imepungua kuvimba? Mimi nipo, goti lipo, tunavumiliana.

Uliondoka na basi la alfajiri hatukuagana, na siku ya misa wewe ulikuwa ndani unaichomeka ile taa, mimi nyuma ya jiko. Hukuona ya upande wangu. Nilipokupigia kelele, "Milembe, mwambie mumeo aangalie waya wa spika!" nawe ukajibu, "Milembe, mwambie mama nimeuona," mpaka mtoto akachoka na tumbo lake, "Semeni wenyewe, mimi si redio!" watu wote walicheka, hata katekista. Lakini mimi nilikanda unga nisijue ninachokanda. Nilimsikia Masele akisema, "Limekufa hilo." Nikamsikia akivuta shoka ukutani.

Halafu ukagusa uzi mmoja.

Vifuniko vya sufuria vilitetemeka, mwanangu. Kuku walikimbia. Sauti ilipita ukuta wa udongo kama ukuta haupo, ikanipitia na mimi, ikaenda zake mashambani. Masele alirudisha shoka alipolitoa.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Jioni moja Masele akaja mikono mitupu, akakaa mlangoni. "Shemeji, naomba kulisikia tena." Kumbe zamani ndiye aliyekuwa akimpigia kaka yake gitaa la pili, kabla hawajakosana. Mimi sikujua, Mayige hakuwahi kunitajia. Vidole vyake vimekuwa vinene kwa jembe, alikosea, akarudia, akakosea. Akawa anakuja kila jioni, nami nampa kiti.

Nimempa sanduku, Method. Hakuomba, nimempa mwenyewe. Alilipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akalifunika blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kwangu lilikuwa langu, ila mimi sijui kupiga. Nililipigania nikalipata, nikabaki kulifuta vumbi.

Sasa jua likishuka, sauti inatoka kwake, inavuka majaruba makavu ya mpunga taratibu, ikinifikia imekuwa laini, sijui inatoka nje au ndani yangu. Rozari iko mkononi na sikumbuki nimefika fumbo la ngapi.

Lakini wewe ndiye uliyehangaika ili libaki nyumbani kwangu, na sikukuuliza. Kama nimekukosea, niambie bila kuficha. Nijibu upesi, mwanangu.

Mimi mama yako,
Nyanjige