Kitenge ya Maman ku Kiwanja ya Golf

Maman yetu wa Mwenga,

Tunakusalimia kutoka Bukavu. Mvua inanyesha kila mangaribi, Neema anaota meno, na mimi usingizi nimeisahau.

Directeur wa kampuni hapa anapenda golf. Ameita mwana wako wacheze pamoja siku ya Mungu, ndipo atasema kama atamupatia kazi mu biro yake, aache ile kazi ya kuchimba ku mine. Basi leo tulienda ku kiwanja ajifunze. Alikuwa anainua fimbo juu sana kama jembe, anapiga udongo, mupira inabakia pale pale. Wenye kukata majani wakacheka: "Citoyen, unalima mihogo?" Akaikala chini, akasema heri turudi.

Nikamuambia, "Papa Neema, simama. Mikono yako inakimbia peke yake." Nikatoa mutoto mugongoni, nikamuikalisha mu majani, na kitenge nikamufunga baba yake, mikono juu ya viwiko karibu na kifua, nikakaza fundo. "Sasa geuka mwili muzima."

"Nitapumua namna gani?"

"Geuka kwanza!"

Akageuka. Mupira ikaruka sawasawa, mbali, upande wa ziwa. Neema akapiga mikono, na wale hawakucheka tena.

Anaogopa directeur atacheka kitenge. Nimemuambia acheke, kitenge haitoki.

Utuombee, Maman, na usibebe maji peke yako. Kitenge ni ile yako, ile ulimubebea mwana wako akiwa mutoto. Ingali inamushika vizuri.

Mama Neema