Aliyemshika Mkono Mama Seung-u

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Seonam. Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 2019, saa 3:10 asubuhi.

Jina: Pyo Mal-sun. Umri: miaka 61. Kazi: muuza kimchi (kabichi ya kuchachushwa) na vitoweo, Soko la Dongmun. Makazi: mtaa wa Hwasan. Dini: Mkristo.

Nimeonywa niseme kweli tupu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe.

Mnamo Jumamosi tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi, nilifika uwanja wa mbele ya stesheni ya treni na waumini wenzangu wapatao arobaini. Tulikwenda kuwazuia watu wa bendera za upinde wa mvua wasiandamane. Ilikuwa mara yao ya kwanza katika mji wetu. Walikuwa wanadai sheria ya kuwalinda wasifukuzwe kazi wala nyumba za kupanga. Nieleweke: nilikwenda kwa hiari yangu, na hadi leo siwaungi mkono. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa kanisa Ma Gil-ho.

Tulikaa chini mbele ya gari lao la vipaza sauti, tukawazomea. "Nendeni mkatibiwe!" "Wazazi wenu wanajua mko hapa?" Msichana mmoja mwenye nywele za kijani aliniambia, "Mama, umepiga kelele tangu asubuhi, koo litakauka. Kunywa maji kwanza." Akaninyooshea chupa. Niliyamwaga miguuni pake. Wenzangu walicheka.

Saa sita na robo nilimwona Eom Hye-ran, ambaye sisi sokoni tunamwita Mama Seung-u. Ni mteja wangu wa kila Ijumaa kwa miaka minane. Mwanawe nimemjua tangu anavaa sare za shule, nilikuwa nikimwongezea figili. Mama huyo alibeba bango limeandikwa: "Mwanangu ni shoga. Ni mwanangu." Mimi sikuwa na habari hiyo. Niliona kama amenidanganya mimi binafsi.

Nikamwambia, "Mama Seung-u, huna haya? Aibu ya nyumbani unaileta barabarani?"

Akasema, "Nimemficha ndani miaka mitatu. Nusura nimzike."

Nikamjibu, "Ungemfunza adabu mapema."

Hapo mzee Ma akafika. Akashika mti wa bango, akasema, "Lete hapa, we shetani!" Mama Seung-u hakuachia. Mimi nikaukamata mkono wake wa kushoto kwa mikono yangu miwili. Akanigeukia, akaniita kwa jina la binti yangu: "Mama Mi-gyeong, unaniumiza." Nikamwambia aachie bango, nami nitamwachia.

Mzee Ma alilipokonya bango, akampiga kwa ule mti mara mbili. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili kwenye jicho la kulia. Aliinua mkono wa kulia kujikinga, haukutosha. Wa kushoto nilikuwa nao mimi. Nilipouachia, alianguka.

Kijana mmoja, ambaye sasa najua anaitwa Bang Jae-wan, aliruka uzio, akapiga magoti, akamkandamizia skafu yake usoni. Hakumgusa mzee Ma. Mzee Ma alirudi nyuma, akajikwaa kwenye waya wa kipaza sauti, akaanguka mwenyewe. Akapiga ukelele, "Shoga ananiua!" Askari wakaja wakamkamata kijana. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Sikusema neno.

Jumapili tarehe 13, saa saba mchana, baada ya ibada, tulikuwa jikoni kanisani tunakula supu. Mzee Ma alileta karatasi isemayo kwamba kijana ndiye aliyewasukuma wote wawili, yeye na Mama Seung-u. Akaniambia, "Dada Mal-sun, wewe ulikuwa karibu kuliko wote. Ukisema wewe polisi watasadiki." Nikatia saini. Karatasi hiyo ni ya uongo, na saini ni yangu.

Leo saa moja na nusu asubuhi Seung-u alikuja kibandani kwangu. Alisema jicho la mama yake halitaona tena. Kisha akasema, "Mama Mi-gyeong, wewe unajuana na watu wengi hapa. Niulizie nani alimshika mama mkono. Polisi wamemuuliza hospitalini, anasema hakumtambua."

Nilimwambia nitamuulizia. Akanishukuru, akainama kama alivyofunzwa na mama yake. Alipoondoka nilifunga kibanda, nikaja hapa.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa, yameandikwa sawasawa.

Saini: Pyo Mal-sun

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi, Sajini Tak Yun-sik. Shahidi alipotaja kumshika majeruhi nilisimamisha maandishi, nikamwonya kwamba anaweza kushtakiwa, na kwamba ana haki ya kunyamaza na kumwita wakili. Alisema, "Andika." Bang Jae-wan ameachiwa saa 5:40 asubuhi. Ma Gil-ho ameitwa kituoni. Shahidi aliombwa namba ya ndugu wa kuja kumchukua. Alisema hataki mtu aitwe. Alipopita korido alikutana na Bang Jae-wan akifunga kamba za viatu. Shahidi alisimama kumngoja amalize. Kijana aliinuka, akampita shahidi bila kumtazama.