Polima Si Kulima Pori

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo uliyenikimbia,

Hapa Heru Juu hakuna mzee anayenishinda kemia. Haya, usicheke. Najua hesabu moja tu, na hiyo ulinifundisha wewe.

Tulikuwa uani tunachambua maharage, ukataja polima. Kwa ulimi wetu wa Kiha l na r ni ndugu, nikasikia pori na lima, nikauliza hilo pori liko wapi na kama lina mwenyewe. Ulicheka mpaka ungo ukakuponyoka. Ndipo ukachukua muwa. Ukasema mnyororo wa plastiki ni pingili ileile inayojirudia: chukua uzito wa mnyororo mzima, gawanya kwa uzito wa pingili moja, utajua ziko pingili ngapi. Ukanipa mfano wa dumu la maji: uzito wa pingili yake ishirini na nane, wa mnyororo elfu hamsini na sita. Nikakokotoa ardhini kwa kijiti, zikatoka elfu mbili. Kichwa kikanivimba, nikaligeukia bomba la PVC, nalo nikaligawanya kwa ishirini na nane.

“Babu,” ukasema, “kila mnyororo na pingili yake. Ya bomba ni sitini na mbili na nusu.”

Muwa niliumaliza mimi, kwa ufizi.

Sasa shangazi yako wa Kibondo anasema uko dukani kwake unauza sabuni, na hutaki kusikia habari ya kurudia mtihani. Eti umefeli kemia, basi wewe si wa shule. Mke wangu, umejigawanya kwa pingili ya watu wengine, jibu litatokaje sawa?

Mimi huwaambia watu niliacha darasa la nne kwa kuchoka viboko. Uongo. Nilifeli, nikaona aibu, nikaenda Muyama kuchunga mbuzi wa mjomba, huku nikingoja mtu aje aniambie rudi. Hakuja mtu. Mbuzi walikuwa wema, ila hawakuuliza.

Kujiandikisha kurudia mtihani kunafungwa mwisho wa mwezi. Ukilipenda duka, baki, nitakutania hukohuko. Lakini usibaki kwa sababu hakuna aliyekufuata. Mimi nimekufuata, kwa karatasi, maana magoti haya hayapandi tena bodaboda.

Halafu, siku nilipomwambia mama yako kwamba chungu ulichovunja wewe kilivunjwa na kuku, uliahidi kuninyoa ndevu. Zimefika kifuani. Njoo na wembe.

Mumeo asiye na meno,
Babu