Alhamisi Hiyo, Panda Gari na Bura

Mpendwa dogo wangu wa kidato cha tatu,

Kwanza tulia, maana habari ni njema. Umefika mbali. Mimi, yaani wewe uliyeota ndevu, niko chuo hapa Arusha nasomea kuongoza watalii, na kwa bahati niliyonayo nadhani Mungu aliyetugawia alikuwa amesinzia, mkono ukateleza. Hosteli nzima inanitaka. Simu haipoi. Wageni wanapishana mlangoni kwangu kama kwenye duka la tende jioni za Ramadhani. Leo Jumapili imenibidi nifunge mlango kwa ufunguo ndipo nikapata nafasi ya kukuandikia. Kupendwa nako ni kazi, utazoea.

Wenzangu hapa wakiulizwa wangewaambia nini wadogo zao wa sekondari, wanasema soma hisabati, usidharau Kiingereza, acha kusinzia prepo. Sawa, soma. Mimi sina uso wa kukuhubiria, maana matokeo yetu utayaona mwenyewe, na hadi leo majina ya ndege nayajua nusu, nusu nyingine nakohoa. Nina neno moja tu. Alhamisi darasa linakwenda kreta, lile bonde la wanyama huko juu. Panda gari, ukae na Bura.

Najua unavyojibu. "Mimi? Kreta? Nimeichoka ile." Dogo, unaongea na mimi. Sisi wawili ndio tunaojua kwamba hatujawahi kuvuka lile geti, na nyumbani Karatu ni hapo chini yake tu. Tunachokijua ni matope. Mjomba anaosha magari ya watalii pale mjini, na kila Jumamosi unaomba ruhusa bwenini ukamsaidie kubandua tope la kijivu, ambalo si jekundu kama letu. Madereva wanakunywa chai na kusimulia simba aliyelala chini ya gari kutafuta kivuli. Wewe unasugua tairi, masikio yamesimama. Jumatatu ukifika darasani, simba ni wako, gari ni lako, na mjomba amekuwa dereva mkuu. Shule yote ikakubatiza Dereva. Na aliyeamini kuliko wote ni Bura, mtoto wa wakulima wa Mbulumbulu, anayekaa deski moja na wewe na kukuelekeza hesabu hadi zinaingia.

Sasa uongo umekubana. Ukienda utashangaa, na mtu aliyefika mara ishirini hashangai. Ndiyo maana umepanga kumwambia mwalimu kwamba tumbo linauma.

Kwangu Alhamisi hiyo ilishapita, basi nikusimulie ilivyokuwa.

Bura alinifuata asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mahindi. "Dereva, twende bana. Nimekuwekea siti ya dirishani. Usipokuwepo nani atanionyesha?"

"Nenda tu," nikamwambia kwa sauti, wote wasikie. "Ukiwakuta simba wasalimie, waambie mwenyewe yuko bize."

Walicheka, magari yakaondoka. Nikabaki na Mama Paulina wa jikoni, akichambua maharage ya makande. Akanitazama weee, kisha akauliza, "Si wewe unayeumwa tumbo?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona unaangalia barabara? Tumbo lako limepanda gari?"

Jioni Bura alirudi akikimbia, vumbi hadi kwenye kope. Akatoa mfukoni yai la kuchemsha, limepasuka pasuka, la kwenye chakula chake cha safari. "Nimekutunzia. Dereva, tumemwona faru! Kwa mbali, mweusi, nikasema hapa angekuwepo Dereva..."

"Mmoja tu?" nikamkata. "Mimi niliona saba."

Bweni zima likaangua kicheko. Bura hakucheka. Alilitazama lile yai mkononi mwangu, akasema, "Sawa."

Dogo, hiyo "sawa" ndiyo imenifanya nishike kalamu. Baada ya hapo hatukugombana hata kidogo. Hesabu aliendelea kunielekeza. Ila habari zake hakuniletea tena, na mimi sikugundua, maana nilikuwa naongea. Muhula uliofuata hakurudi shule. Nikawachekesha watu kwamba amekwenda kuoa.

Mwaka jana, siku ya mnada Karatu, nilimkuta dada yake akiuza maharage. Nikajitambulisha kwa mbwembwe zetu zilezile. "Kumbe ndiye wewe Dereva," akasema. "Nyumbani alikuwa anakutaja kila siku." Hapo ndipo aliponiambia kwamba mwaka ule mama yao alikuwa amelala kitandani, baba hayupo, na shamba la ngano lilitaka mtu. Mama hakuyafikia mavuno, walimzika kabla.

"Bura alisema atakuambia wewe kwanza kabla ya mwalimu," dada akaendelea. "Akarudi hajakuambia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, 'Ataniambia mama yake alishaumwa mara saba.'"

Aisee. Nilinunua maharage ambayo sikuwa na sufuria ya kuyapikia.

Mwezi uliopita chuo kilitupeleka kreta. Mara yangu ya kwanza, dogo. Na hapa pia nilikuwa nimeshawatangazia kwamba mimi ni mwenyeji, nimeshuka kule hadi nimekinai. Tukasimama ukingoni, ukungu ukafunguka, nikaona nchi nzima imelala chini kule, na magari ya watalii madogo kama siafu. Wenzangu wakapiga kelele, wakashikana, wakapigana picha. Mimi nikapiga miayo. Nilitaka kumvuta mtu mkono nimwambie, "Tazama!" Lakini nitamwambia nani, wakati wote wanajua nimezoea? Nikasimama hapo na mdomo wangu wa miayo, peke yangu kati ya watu thelathini.

Kwa hiyo panda, nakuomba. Kaa dirishani. Gari likivuka geti, mwambie, "Bura, mimi sijawahi kufika huku." Watakucheka wiki nzima, watakupokonya jina la Dereva, pengine watakuita Tope. Acha wakuite. Shangaa hadi nzi aingie mdomoni. Lile yai mgawane hukohuko, mkiwa na njaa wote wawili. Na siku atakapokuja kukuambia mama anaumwa, usimpe hadithi yoyote. Mwambie pole, kisha unyamaze, umsikilize hadi amalize.

Mimi namba yake ninayo, dada alinipa. Naifungua, naitazama, nazima. Kwenye kuongea sijawahi kushindwa, unanijua. Kumpigia Bura ndiko kunakonishinda.

Haya, baki salama. Msalimie Mama Paulina, na hiyo Alhamisi uvae sweta, kule juu baridi inauma. Na nisiondoke nikiwa nimekudanganya hata wewe. Mlango sikuufunga kwa ufunguo. Uko wazi tangu asubuhi na hakuna mtu aliyekuja. Hakuna anayekujaga.

Kaka yako mkubwa, ambaye ni wewe.